Usinyunyize Dawa Mpaka Mlangoni

Wakulima wenzangu wa Ndalu, Tongaren, Naitiri, Kiminini na mashamba yote ya makazi yaliyo kati ya Kitale na Bungoma, leo nataka kusema nanyi juu ya magugu na mikate. Labda mtaniuliza, "Mambo haya mawili yahusiana namna gani?" Yahusiana, nami nilijifunza hivyo kwa hasara yangu mwenyewe.

Baba yangu alipata ekari 15 katika miaka ya 1960, wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa katika ule mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka wa 1962. Sisi ndugu ni sita, kwa hiyo leo mimi ninalima ekari mbili na nusu. Wengi wenu mwaijua hesabu hii, kwa maana imefanywa katika boma nyingi.

Basi mwaka mmoja vibarua walikuwa haba, nami nilikuwa na haraka. Nikanunua dawa ya kuua magugu, nikaazima pampu ya mgongoni, nikanyunyiza shamba lote. Nilianza kwenye mpaka wa jirani nikamalizia kwenye ukuta wa jiko. Shamba likawa safi kama uwanja wa shule, nami nikajiona mkulima hodari.

Hasara ya kwanza ilionekana upesi. Maharagwe niliyopanda kati ya mistari ya mahindi yalikauka yote. Dawa niliyotumia ilikuwa ya mahindi, nayo huua mimea ya majani mapana. Haijui kutenga maharagwe na magugu. Hasara ya pili ilikuja mwezi wa Juni. Nyote mwaujua mwezi wa Juni upande huu wa Kitale: ghala imepungua, na mahindi yaliyo shambani bado ni mabichi. Mama watoto alichukua kikapu kwenda kuchuma mboga kama ilivyo desturi yake. Alizunguka shamba lote, akarudi, akakiweka kikapu kitupu mbele yangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba watoto, basi utoe pesa za mboga."

Tangu siku ile nikaanza kuandika matumizi yetu katika daftari. Mwezi ulipokwisha nikajumlisha, nikaona ya kuwa vitu viwili vilivyokula pesa nyingi kuliko vyote havikuwa sukari wala mafuta. Vilikuwa ni mboga za sokoni na mkate wa dukani. Nikaona haya. Mboga tulizonunua zilikuwa mnavu, mrenda na saga, yaani mimea ile ile niliyoinunulia dawa. Nililipa mara mbili: kwanza kuiua, halafu kuila.

Kwa hiyo shauri langu ni hili, nami nalisema wazi. Kabla ya kununua dawa ya magugu, bwana na bibi wa shamba wazunguke shamba pamoja, wakubaliane ni wapi pa kunyunyiza na ni wapi pa kuchuma. Mwanamume asiamue peke yake, kwa maana mara nyingi yeye aona gugu mahali ambapo mkewe aona chakula cha jioni.

Tulisahau wenyewe

Kwa muda mrefu tulifundishwa ya kuwa mboga ni kabichi na sukuma wiki, na ya kuwa mimea inayoota yenyewe ni magugu tu. Vitabu vingi vya kilimo viliiandika hivyo. Lakini mama zetu hawakukubali. Waliendelea kuchuma mchicha, ambao wengi hapa huuita dodo au terere, mnavu, ambao huitwa managu au sucha, saga, mrenda, mitoo, na majani ya kunde. Walijua ya kuwa saga na mnavu huwa chungu, na ya kuwa uchungu wake hupungua ukipika kwa maziwa. Walijua kuchoma maganda makavu ya maharagwe, kuchuja majivu yake kwa maji, na kutumia maji yale ya munyu kulainisha mrenda na kunde. Hata takataka za maharagwe zilikuwa na kazi yake.

Wataalamu wamekuja kukubali ya kuwa mama zetu walikuwa na haki. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, ambaye kwao ni magharibi mwa Kenya, alifanya utafiti wa mboga hizi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Maseno, na baadaye katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Kazi yake na ya wenzake imeonyesha ya kuwa mboga za kienyeji zina madini ya chuma na chokaa na vitamini A kwa wingi. Siku hizi mbegu za mnavu na saga hufungwa katika pakiti na kuuzwa dukani. Mmea ulioitwa gugu sasa unauzwa kwa bei! Je, mkulima mwenye akili ataung'oa bure ule ulioota wenyewe?

Namna ya kuchagua

Msinielewe vibaya. Sisemi mwache magugu katika mahindi. Mahindi ni mwenye shamba, na gugu ni mgeni anayekula kutoka sahani yake. Palizi la kwanza lifanywe majuma mawili au matatu baada ya mahindi kuota, na la pili lisingoje mpaka mahindi yatoe mbelewele. Anayechelewa kupalilia hupoteza magunia mengi, hata kama alinunua mbegu bora na mbolea ya kutosha.

Lakini kupalilia ni kazi moja, na kutupa ni kazi nyingine. Siku ya palizi chukueni vikapu viwili. Mnavu, mchicha na mrenda uliochipua kati ya mistari ung'olewe ungali mchanga, uingie kikapu cha kwanza, upelekwe jikoni. Kongwe, lile gugu la maua ya samawati, liingie kikapu cha pili, lipelekwe kwa mbuzi na sungura. Mwajua ya kuwa kongwe ukilikata na kuliacha juu ya udongo wenye unyevu huota tena kana kwamba hukufanya kitu. Likiingia katika tumbo la mbuzi halioti tena.

Tena, pimeni kipande kidogo karibu na jiko, kiwe cha mboga hizi tu. Hata robo ya robo ya ekari yatosha kwa kuanzia. Kipande hiki kisiingie pampu kamwe. Acheni mimea michache ikomae na kumwaga mbegu, na mwaka ujao mtaiona ikirudi yenyewe na mvua ya kwanza.

Ua la mpakani

Sasa nakuja kwa gugu moja ambalo limejaa kandokando ya barabara na mipaka ya mashamba yetu. Ni lile refu lenye maua ya manjano kama alizeti ndogo. Wengine huliita alizeti mwitu, na Waluhya wengi huliita maua amalulu, yaani maua machungu. Asili yake ni Mexico na nchi za jirani zake. Lilipandwa hapa kama pambo na ua la boma, halafu likaenea lenyewe.

Katika miaka ya 1990 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Maseno walipima majani yake, wakaona ya kuwa yana naitrojeni nyingi, na potasi pia, na ya kuwa yakizikwa mabichi katika udongo huoza upesi sana, kwa majuma machache tu. Kwa hiyo ni mbolea nzuri. Lakini waliona jambo jingine pia, nalo ni la kweli kwa kila mwenye mgongo: kukata na kubeba majani ya kutosha ekari nzima ya mahindi ni kazi kubwa mno. Faida yake huonekana zaidi katika vipande vidogo vya mboga zinazoleta pesa. Basi kateni vijiti laini na majani, mkatekate vipande vidogo, mfukie katika matuta ya mboga juma moja au mawili kabla ya kupanda. Wala msiache mbolea ya kupandia mahindi kwa ajili ya majani haya. Udongo mwingi wa Bungoma una upungufu wa fosforasi, na jani haliwezi kutoa katika udongo kile ambacho hakimo.

Mkiisha kutoa majani, msitupe mashina. Yaanikeni mpaka yakauke, kwa maana ni kuni nyepesi zinazoshika moto upesi. Yaungeni na magunzi ya mahindi. Hapo ndipo gugu linapokutana na mkate.

Mkate wa nyumbani

Familia inayonunua mikate miwili kila siku hununua mikate 60 kwa siku 30. Zidisha 60 kwa bei ya mkate dukani kwako, uandike jibu juu ya ukuta. Sina haja ya kusema zaidi.

Wengi wenu mwakumbuka mama zetu wakioka kwa debe. Vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka wa 1952, vilifundisha mapishi na kazi za nyumbani, na mama wengi walijivunia keki iliyotoka katika debe lenye makaa juu na chini. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Halafu mkate wa duka ukaja mpaka kijijini, na debe likawa la kuchotea maji. Shauri langu ni kwamba tulirudishe. Ikiwa huna debe, sufuria mbili zatosha.

Chukua vikombe vitatu vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha unga wa mahindi. Usizidishe unga wa mahindi, kwa sababu hauna mnato, na mkate utavunjika. Tia hamira vijiko viwili vya chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari vijiko viwili vya mezani, na mafuta vijiko viwili vya mezani. Chukua mchicha uliokatwa mdogo mdogo, uuchemshe kidogo, uukamue sana mpaka maji yaishe, utie kikombe kimoja. Tia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, yapata kikombe kimoja na nusu, au pungufu ikiwa mchicha una maji. Kanda kwa dakika kumi. Funika, uache saa moja au zaidi mpaka unga uumuke kuwa mara mbili. Ukande tena kidogo, uweke katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, uache nusu saa.

Weka mawe matatu madogo ndani ya sufuria kubwa nzito, uweke sufuria ndogo juu ya mawe hayo, na juu yake kifuniko kisichopitisha moshi. Washa moto kwa mashina ya alizeti mwitu na magunzi, na ukiisha kuwa makaa, weka machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko. Hili ndilo kosa la wengi: huweka moto mkubwa chini, mkate ukaungua kitako na kubaki mbichi tumboni. Baada ya dakika 40 hivi utoe, uugeuze, uugonge chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma, umeiva.

Wenye viazi vitamu vya rangi ya machungwa wanaweza kuvichemsha, kuviponda, na kutia kikombe kimoja cha viazi mahali pa unga wa mahindi, na maji yapunguzwe. Watoto wataupenda. Na ikiwa mkate wako umekuwa mzuri hata jirani wanataka kununua, usianze kuuza kabla ya kuwauliza watu wa afya wa kaunti juu ya kibali. Ni afadhali kuuliza mapema kuliko kunyang'anywa mikate siku ya soko.

Magugu yasiyo na msamaha

Yako magugu ambayo hayafai kuhurumiwa, na ningekuwa nawadanganya kama ningesema kila gugu lina faida.

La kwanza ni kiduha, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Wakulima wa sehemu za chini za Bungoma walijua vema: lina maua mazuri ya zambarau, nalo hunyonya mahindi katika mizizi hata kabla ya kutokeza juu ya udongo. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, zenye kukaa udongoni miaka mingi zikingoja mahindi. Ling'oeni kabla ya kutoa mbegu, mlichome. Lisiingie katika mboji wala katika zizi. Dawa yake nzuri iliyo ya kudumu ni kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na majani ya nepia kuzunguka shamba, kama taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe ilivyofundisha kutoka kituo chake cha Mbita tangu miaka ya 1990. Mizizi ya desmodiamu huzuia kiduha kushika mahindi, nayo pia huongeza naitrojeni katika udongo, na majani yake ni chakula cha ng'ombe.

La pili ni mnanaha, lenye ua jeupe kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Lina sumu tangu jani mpaka mbegu. Lisiachwe karibu na mboga, wala mbegu zake zisiingie katika mahindi wakati wa kupukuchua. Mtoto anayetumwa kuchuma mboga afundishwe kwanza kulitambua. Tena, hata mnavu una onyo lake: tuna desturi ya kula majani yaliyopikwa, lakini matunda mabichi ya kijani yana sumu, watoto wasiyachezee.

La tatu ni sangari. Ukilikata kwa jembe umelizidisha. Ling'oe na mizizi yake yote, ulikaushe juani mpaka life kabisa.

Vijana watasema nini?

Najua vijana watasema, "Mzee, mambo ya vikapu ni ya zamani. Siku hizi hakuna mikono ya kupalilia, na dawa ni rahisi kuliko vibarua." Maneno haya yana ukweli, nami siwezi kuyapuuza. Mjane anayelima peke yake, au mtu ambaye watoto wake wote wamekwenda mjini, huenda akahitaji dawa. Mimi mwenyewe bado ninaitumia katika sehemu ya shamba yenye sangari nyingi.

Lakini dawa iwe mtumishi na isiwe bwana. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, na kama huwezi kusoma, mwambie mtoto wa shule akusomee yote, si mstari wa kwanza tu. Uliza dukani kama dawa hiyo yafaa shamba lenye maharagwe. Usinyunyize wakati wa upepo, kwa maana utanyunyizia kipande cha mboga na cha jirani. Vaa mikono mirefu, viatu na kitambaa cha uso. Usichume mboga mahali palipopigwa dawa, hata kama majani bado yaonekana mazuri. Wala chupa tupu isirudi nyumbani kuwekewa maziwa, hata ikioshwa mara kumi.

Na kuhusu mambo ya zamani, nawauliza vijana: kununua kwa pesa kile kinachoota mlangoni pako, huo ndio usasa? Pale Kituo cha Kilimo cha Manor House, kilichoanzishwa karibu na Kitale mwaka wa 1984, vijana wengi walifundishwa kulima kipande kidogo kwa kuchimba kwa kina na kutia mboji. Mafundisho yale yalikuwa ya mtu mwenye ardhi ndogo. Nasi sote tumekuwa watu wenye ardhi ndogo. Ekari 15 hazitarudi. Zile mbili na nusu zilizobaki hazina budi kulimwa zote, pamoja na mpaka, na ua, na pembe ya jiko, na kile kilichoota chenyewe.

Mimi sasa nina mwaka wa tatu tangu nilipoweka pampu mbali na jiko. Tulipima kipande chetu kwa hatua, mama watoto akapigilia vigingi vinne, akaniambia, "Hapa ni kwangu." Nimekubali. Juni iliyopita kikapu kilirudi kimejaa, na asubuhi yake tulikunywa chai kwa mkate uliookwa kwa mashina ya ua letu wenyewe.

Basi, bwana, kabla mvua haijaanza, mwite bibi yako mkazunguke shamba. Chukueni vigingi vinne. Yeye ndiye achague mahali, na wewe upigilie.